Saratani ya damu inapojificha katika viungo vya mtoto

Mtoto anayesema kwamba goti linamuuma hashtui mtu katika nchi zetu za Maziwa Makuu. Watoto hukimbia, huanguka, hupanda miti, hubeba maji na kuni. Mara nyingi mzazi humpaka dawa ya kuchua, akampumzisha siku mbili tatu, na jambo likaisha. Hivyo ndivyo ilivyo kwa walio wengi, wala hakuna sababu ya kuingiza hofu katika kila nyumba yenye mtoto anayechechemea.

Hata hivyo, madaktari wanaotibu saratani za watoto katika hospitali kubwa za nchi jirani wanaifahamu vyema hadithi nyingine. Ni hadithi ya mtoto aliyetibiwa baridi yabisi kwa wiki kadhaa, pengine miezi, ilhali ugonjwa wake halisi ulikuwa saratani ya damu, ambayo kitaalamu huitwa lukemia. Magonjwa haya mawili yanaweza kufanana kiasi cha kumchanganya hata daktari mzoefu. Kinachoyatenganisha mara nyingi ni kipimo cha damu cha bei nafuu, mradi tu kifanyike mapema, na kifanyike kabla mtoto hajapewa dawa za kundi la steroidi. Makala haya yanaeleza kwa nini mpangilio huo, kipimo kwanza na steroidi baadaye, unaweza kuamua hatima ya mtoto.

Safari inayojulikana

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka sita. Hatumzungumzii mtoto fulani. Huu ni mfano unaokusanya mambo ambayo madaktari huyaona mara kwa mara. Anaanza kulalamika goti la kulia. Wiki ya pili goti limepoa, lakini kifundo cha mguu wa kushoto kinauma. Usiku anaamka akilia. Kwenye zahanati anapimwa malaria na kupewa dawa. Homa inashuka, kisha inarudi. Bibi yake anamchua kwa mafuta ya uvuguvugu, naye hataki kuguswa. Baadaye duka la dawa linawauzia wazazi vidonge vya kutuliza maumivu, na viliposhindwa, vidonge vya prednisoloni.

Siku ya tatu mtoto anacheza uani. Wazazi wanashukuru. Lakini baada ya mwezi mmoja maumivu yanarudi, na safari hii viganja vyake vimepauka, fizi zinatoka damu na tumbo limejaa upande wa kushoto, chini ya mbavu. Hapo ndipo anapofikishwa hospitali ya rufaa.

Kila aliyemhudumia mtoto huyu alikuwa na sababu ya kufanya alichofanya. Malaria ipo. Maumivu ya viungo ni ya kawaida. Prednisoloni kweli ilimpa nafuu. Lakini nafuu hiyo ndiyo iliyouficha ugonjwa.

Kwa nini damu iugue, viungo viume

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho. Kwa mtu mzima kazi hiyo hufanyika zaidi katika mifupa ya kiwiliwili kama vile nyonga, uti wa mgongo na kifua. Kwa mtoto mdogo, uboho unaotengeneza damu umeenea hata katika mifupa mirefu ya miguu na mikono, karibu kabisa na magoti, vifundo na viwiko.

Katika lukemia, chembe nyeupe changa ambazo hazijakomaa huanza kuongezeka bila mpaka. Huujaza uboho, hubana mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya mfupa na kuinua ngozi nyembamba inayoufunika mfupa kwa nje. Wakati mwingine huingia hata katika utando wa ndani wa kiungo chenyewe. Mtoto hawezi kueleza kwamba mfupa ndio unaomuuma na si goti; yeye huonyesha goti kwa kidole, naye daktari huliangalia goti.

Aina ya lukemia inayowapata watoto wengi zaidi ni ile ya ghafla inayotokana na chembe za limfu, inayofupishwa kwa herufi ALL. Ndiyo saratani ya utotoni inayoonekana zaidi katika takwimu za nchi nyingi, na huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 5, ingawa vijana nao hawakosi. Maumivu ya mifupa au viungo huwapata wengi wao wakati ugonjwa unapogunduliwa, na kwa baadhi huwa ndiyo dalili ya kwanza, kabla damu haijaonyesha kasoro ya wazi.

Baridi yabisi ya watoto nayo ni ugonjwa wa kweli

Wengi hudhani kwamba baridi yabisi ni maradhi ya wazee. Si hivyo. Kuna baridi yabisi inayoanza kabla ya mtu kutimiza miaka 16, ikadumu kwa wiki 6 au zaidi, na isijulikane chanzo chake. Kinga ya mwili huvishambulia viungo vyenyewe. Kiungo huvimba, hujaa majimaji, na mtoto huamka asubuhi akiwa amekakamaa, kisha hulegea kadiri anavyotembea. Isipotibiwa, kiungo huharibika na mguu mmoja unaweza kurefuka kuliko mwingine. Wapo pia watoto ambao ugonjwa huo huwashambulia macho kimyakimya, ndiyo maana mtoto mwenye baridi yabisi hupelekwa pia kwa daktari wa macho.

Hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha baridi yabisi ya watoto. Daktari huifikia baada ya kuondoa magonjwa mengine yote yanayofanana nayo, na lukemia ni moja ya magonjwa hayo. Kumwambia mzazi kwamba mtoto ana baridi yabisi bila kuiangalia damu yake ni sawa na kutoa hukumu kabla ya kusikiliza mashahidi.

Dalili zinazopaswa kumwamsha daktari

Mwaka 2006, watafiti wa Amerika Kaskazini walichapisha ulinganisho wa watoto 277 waliofikishwa kwa madaktari wa magonjwa ya viungo. Kati yao, 206 walikuwa na baridi yabisi na 71 walikuwa na lukemia. Jambo la kwanza walilolibaini ni la kutisha: robo tatu ya watoto wenye lukemia hawakuwa na chembe za saratani zilizoonekana katika damu ya kawaida siku walipochunguzwa. Kwa maneno mengine, saratani ilikuwa bado imejificha ndani ya uboho.

Lakini mambo matatu yaliwatofautisha. La kwanza ni maumivu ya usiku. La pili ni chembe nyeupe za damu kuwa chache, chini ya 4,000 katika mikrolita moja ya damu. La tatu ni chembe sahani, yaani zile zinazosaidia damu kuganda, kuwa katika kiwango cha chini cha kawaida, kati ya 150,000 na 250,000. Mtoto alipokuwa na mambo yote matatu kwa pamoja, uwezekano wa lukemia ulikuwa mkubwa kiasi cha kutosha kumpeleka kwenye kipimo cha uboho. Uvimbe wa kiungo, upele na baadhi ya vipimo maalumu vya kinga havikusaidia kuyatenganisha magonjwa hayo, kwa kuwa vilionekana katika makundi yote mawili.

Jambo hilo la tatu linahitaji maelezo. Mwili unapokuwa na uvimbe mkali wa muda mrefu, chembe sahani kwa kawaida huongezeka. Kwa hiyo mtoto mwenye homa na viungo vinavyowaka, lakini chembe sahani zake ziko chini au hata katikati tu, anatoa ishara isiyolingana na baridi yabisi. Karatasi ya maabara inaweza kusomeka "kawaida", lakini kwa mtoto huyo si kawaida.

Zipo dalili nyingine ambazo mzazi mwenyewe anaweza kuziona. Maumivu ni makubwa kuliko uvimbe: goti linaonekana zima, lakini mtoto hathubutu kulikanyagia. Maumivu huhama kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Mfupa wenyewe huuma ukibonyezwa, mbali na kiungo. Mtoto hupauka, huchoka, hupungua uzito, hupata homa zisizoisha, madoa madogo mekundu ya damu chini ya ngozi au michubuko asiyojua ilikotoka. Tezi za shingo, kwapa na kinena huvimba, na ini au wengu hukua.

Ni vyema pia kutaja maumivu ya ukuaji, ambayo nayo huja usiku. Hayo huikamata miguu yote miwili, hutulia kwa kukandwa, na asubuhi mtoto huamka mzima akaenda kucheza. Hana homa, hachechemei, hajapauka. Mtoto anayechechemea mchana, au anayekataa kutembea, hana maumivu ya ukuaji.

Ugumu wa mazingira yetu

Utafiti huo ulifanyika mahali ambapo malaria na selimundu si mambo ya kila siku. Katika eneo letu daktari ana orodha ndefu zaidi mbele yake.

Malaria hupunguza damu, hushusha chembe sahani na kukuza wengu, sawasawa na lukemia. Ndiyo maana kupatikana kwa vimelea vya malaria hakufungi uchunguzi. Ikiwa mtoto ametibiwa malaria ipasavyo, vimelea vimeisha, lakini baada ya wiki chache damu yake haijapanda na viungo bado vinauma, lazima chanzo kingine kitafutwe.

Selimundu huleta maumivu makali ya mifupa na upungufu wa damu, na kwa watoto wachanga huvimbisha mikono na nyayo. Hata hivyo, katika selimundu chembe nyeupe na chembe sahani kwa kawaida hazipungui. Mara nyingi huwa nyingi. Mtoto mwenye selimundu ambaye chembe zake zote zimeshuka anahitaji kuangaliwa upya.

Kifua kikuu nacho huweza kuingia katika nyonga, goti au uti wa mgongo. Homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo na inayoweza kuharibu moyo, huhamahama katika viungo kama lukemia inavyofanya. Na kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye joto, huku mtoto akiwa na homa kali, huhesabiwa kuwa kina usaha hadi ithibitike vinginevyo. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Vipimo na mpangilio wake

Hatua ya kwanza haihitaji mashine za ajabu. Ni kuhesabu chembe zote za damu na kupaka tone la damu kwenye kioo ili mtaalamu mzoefu aliangalie kwa hadubini. Mashine huhesabu, lakini jicho la binadamu ndilo linalotambua chembe changa zisizostahili kuwa katika damu. Hospitali nyingi za wilaya zinaweza kufanya kazi hiyo. Ikiwa mtoto amepungukiwa damu sana na anahitaji kuongezewa, sampuli ichukuliwe kabla ya kuongezewa, pale inapowezekana, kwa kuwa damu ya mtu mwingine hubadilisha picha.

Picha ya eksirei inaweza kuonyesha mifupa iliyopoteza uzito, au mkanda mweusi karibu na ncha ya mfupa unaokua. Lakini eksirei safi haiondoi shaka. Vipo pia vipimo vya asidi ya yuriki na vya kimeng'enya kiitwacho LDH, ambavyo hupanda chembe zinapozaliana na kufa kwa wingi.

Shaka ikibaki, kipimo cha kuamua ni cha uboho. Daktari humpa mtoto dawa ya ganzi au ya usingizi, kisha hutumia sindano kuvuta uboho kidogo kutoka mfupa wa nyonga, upande wa nyuma. Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto atapooza. Hofu hiyo haina msingi: sindano huingia katika mfupa wa nyonga, mbali na uti wa mgongo, na uboho uliotolewa hujirudisha wenyewe. Katika vituo vikubwa, chembe hizo hupitishwa katika mashine inayotambua aina ya lukemia, kwa sababu aina ndiyo inayoamua nguvu ya matibabu.

Hatari ya nafuu ya haraka

Sasa turudi kwenye vile vidonge vya prednisoloni. Prednisoloni na deksamethasoni ni dawa za kundi la steroidi. Hutuliza uvimbe wa baridi yabisi, na madaktari wa viungo huzitumia kwa uangalifu. Lakini dawa hizohizo ni miongoni mwa silaha za kwanza dhidi ya ALL, kwa kuwa huziua chembe za lukemia.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mtoto mwenye lukemia akipewa steroidi peke yake, chembe nyingi za saratani hufa, maumivu hutoweka, na kila mtu huamini kwamba dawa imefanya kazi. Lakini chembe zote hazikufa. Zilizobaki huendelea, na huenda zikawa ndizo sugu zaidi. Mtoto akifikishwa hospitali katika siku hizo, uboho wake unaweza kuwa umesafishwa nusunusu, ugonjwa usionekane vizuri, na daktari asiweze kujua kwa hakika ulikuwa mkali kiasi gani mwanzoni. Mara nyingi hulazimika kumweka mtoto katika kundi la hatari kubwa na kumpa matibabu mazito zaidi, kwa tahadhari.

Tena ipo hatari ya papo hapo. Chembe nyingi za saratani zikifa kwa mara moja, humwaga ndani ya damu madini na asidi zinazoweza kuziharibu figo na kuvuruga mapigo ya moyo. Hospitalini hatari hiyo huzuiwa kwa maji mengi ya mshipani na dawa ya kushusha asidi ya yuriki. Nyumbani hakuna anayejua kwamba ipo.

Dawa za kutuliza maumivu nazo zina masharti. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huudhoofisha uwezo wa damu kuganda. Kwa mtoto ambaye chembe sahani zake tayari ni chache, zinaweza kuleta kutokwa na damu. Kwa sababu hiyohiyo, sindano za msuli, kuchanja chale juu ya kiungo na kuchua kwa nguvu ni mambo ya kuepuka hadi damu ijulikane. Paracetamoli ni salama zaidi kwa kipimo sahihi, ila joto la mwili lipimwe kwanza, kwa maana paracetamoli huificha homa.

Kutibu kiungo ni kutibu damu

Ikithibitika kwamba maumivu ya viungo yanatokana na lukemia, hakuna tiba ya pekee ya viungo. Tiba ni ya lukemia yenyewe, na viungo hupoa vyenyewe, mara nyingi ndani ya siku au wiki chache. Hatua ya kwanza huchukua takriban wiki 4 na huwa na dawa kadhaa kwa pamoja: steroidi, vinkristini, asparaginasi, pamoja na dawa inayodungwa katika maji ya uti wa mgongo ili saratani isijifiche katika ubongo. Hufuata hatua za kuimarisha, kisha muda mrefu wa vidonge nyumbani, hasa merkaptopurini kila siku na methotreksati mara moja kwa wiki. Kwa jumla matibabu huchukua miaka 2 hadi 3.

Historia ya dawa hizi ina mafungamano ya kushangaza. Mwaka 1948, Sidney Farber, daktari wa Boston nchini Marekani, alichapisha habari za watoto wenye lukemia waliopata nafuu ya muda kwa dawa iliyozuia kazi ya asidi foliki. Methotreksati ni ndugu wa dawa hiyo. Miongo kadhaa baadaye, methotreksati ileile ikawa nguzo ya tiba ya baridi yabisi, kwa watu wazima na kwa watoto. Vinkristini, kwa upande wake, ilitolewa katika ua la vinka, mmea wenye asili ya Madagaska ambao leo hupandwa kama pambo katika bustani nyingi za Afrika Mashariki. Hata hivyo, hakuna anayepaswa kuchemsha majani yake: mmea huo ni sumu, na dawa hupatikana tu baada ya kusafishwa na kupimwa kwa usahihi mkubwa.

Undugu huo wa dawa ndio unaozidisha umuhimu wa kuupa ugonjwa jina lake sahihi. Dawa moja, ikitolewa peke yake kwa ajili ya baridi yabisi, huulinda mguu wa mtoto. Ikitolewa peke yake kwa mtoto mwenye lukemia, huupa ugonjwa nafasi ya kujificha.

Viungo vinapouma katikati ya matibabu

Hata baada ya lukemia kugunduliwa, maumivu ya viungo yanaweza kurudi, na kila mara sababu yake lazima itafutwe.

Ya kwanza na ya haraka ni maambukizi. Tiba hushusha chembe nyeupe, na mtoto hubaki bila walinzi. Joto likifika nyuzi 38 au zaidi, pawepo na maumivu ya kiungo au pasiwepo, mtoto apelekwe hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Kiungo chenye usaha kinaweza kuharibika kwa siku chache, na maambukizi yakienea katika damu yanaweza kuua kwa saa chache.

Ya pili ni vinkristini, ambayo huathiri mishipa ya fahamu. Mtoto anaweza kuumwa taya, kupata ganzi miguuni, au kuburuta vidole anapotembea. Ya tatu ni maumivu yanayokuja steroidi zinapopunguzwa au kusimamishwa. Hupita, lakini daktari ajulishwe.

Ya nne huwahusu zaidi vijana wenye umri wa miaka 10 na kuendelea. Steroidi zikitumika kwa muda mrefu zinaweza kukata mtiririko wa damu katika ncha za mifupa, hasa nyonga na magoti, na sehemu ya mfupa ikafa. Kijana huhisi maumivu ya kinena au goti anapotembea. Eksirei za mwanzo zinaweza kuwa safi. Picha ya MRI ndiyo inayoonyesha mapema. Matibabu huanza kwa kuupunguzia mguu mzigo, magongo, na mazoezi chini ya mtaalamu. Baadhi huishia kwenye upasuaji wa nyonga. Watafiti walibaini kwamba kutoa deksamethasoni kwa vipindi vyenye mapumziko kunapunguza madhara haya kwa vijana, na mipango mingi ya matibabu imebadilishwa kwa msingi huo. Mzazi hapaswi kusimamisha steroidi kwa hiari yake. Anachopaswa ni kusema mapema kwamba mtoto anachechemea.

Ya tano, ambayo hakuna anayependa kuisikia, ni kurudi kwa lukemia. Maumivu mapya ya mifupa miezi au miaka baada ya tiba hurudisha swali lilelile la mwanzo, na jibu hupatikana kwa njia ileile: damu, kisha uboho.

Huduma zilizopo katika nchi jirani

Eneo letu si geni katika tiba ya saratani za watoto. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko Mulago mjini Kampala, ilianza mwaka 1967 kama kituo cha kutibu saratani ya tezi, hasa ile iliyopewa jina la daktari Denis Burkitt aliyeieleza akiwa Uganda. Nchini Rwanda, kituo cha saratani cha Butaro katika wilaya ya Burera kilifunguliwa mwaka 2012 na serikali pamoja na washirika wake, ikiwemo taasisi ya Boston inayobeba jina la Farber huyohuyo, na hupokea pia wagonjwa wanaotoka nje ya Rwanda. Tanzania ina huduma za saratani za watoto katika hospitali za Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi. Kenya inazo katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret.

Pamoja na hayo, pengo bado ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 duniani hupata saratani. Katika nchi tajiri, zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wenye lengo la kufikisha angalau 60 katika kila 100 ifikapo mwaka 2030, na ALL ni moja ya saratani sita zilizopewa kipaumbele.

Pengo hilo lina sababu nyingi: dawa kukosekana, safari ndefu, gharama, na ugonjwa kuchelewa kutambuliwa. Lakini iko sababu moja inayofungamana moja kwa moja na maumivu ya viungo. Wiki chache baada ya kuanza tiba, mtoto aliyeletwa akiwa amebebwa hutembea kwa miguu yake. Mzazi aliyeacha shamba, biashara na watoto wengine nyumbani humwona amepona, na nauli ya kurudi tena hospitali inaonekana kama gharama isiyo na sababu. Baadhi hawarudi. Saratani ambayo ilikuwa imelala huamka, na safari ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza. Maumivu yakiisha, msikilizaji, si kwamba maradhi yameisha. Anayehisi kushindwa na gharama aseme mapema kwa wahudumu wa ustawi wa jamii wa hospitali. Baadhi ya vituo vina nyumba za kuwapokea wazazi au msaada wa nauli, na ni rahisi kumsaidia aliyesema kuliko aliyetoweka.

Maswali ya mzazi

Mzazi hahitaji kuwa daktari ili kumlinda mtoto wake. Anahitaji kuyaweka kumbukumbu machache: maumivu yalianza lini, yapo kiungo gani, humwamsha usiku au la, homa imekuja mara ngapi, na dawa gani amekwisha kupewa. Pakiti za dawa zisitupwe; zipelekwe hospitali, hata zile zilizonunuliwa dukani. Jambo hilo si la kuona haya. Daktari asiyejua kwamba mtoto alimeza prednisoloni wiki iliyopita anaweza kuusoma uboho wake vibaya.

Na daktari au muuguzi atakaposema kwamba ni baridi yabisi, mzazi ana haki ya kuuliza kwa heshima: je, hesabu kamili ya damu imefanyika, na je, kuna mtu aliyeziangalia chembe zake kwa hadubini? Ikiwa jibu ni ndiyo na damu ni safi, mtoto aanze matibabu ya viungo bila hofu, na damu irudiwe ikiwa hali yake itabadilika. Ikiwa jibu ni hapana, vidonge vya steroidi vinaweza kusubiri hadi majibu yatoke.